Chungu Nilichokipaka Vanishi

Nacheka siku hizi, ndiyo, lakini msidanganyike na hicho kicheko, maana hasira ile bado ninayo, imekaa hapa hapa chini ya koo, na nikisikia harufu ya vanishi tu inaamka. Mnataka niwasimulie siku ya posa ya Anastazia? Haya. Ila atakayenikatiza atamalizia yeye, kwa sababu aibu niliyoipata siku ile, mbele ya katekista, sebuleni kwangu, juu ya makochi niliyoyashonea vitambaa kwa mikono yangu mwenyewe, si aibu ya kusimulia vipande vipande.

Kwanza muielewe nyumba. Tulikuwa tunakaa Shinyanga mjini, kwenye zile nyumba ndogo zilizojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya makarani wa kiwanda cha kuchambua pamba: vyumba viwili, sebule moja, paa la bati, madirisha ya vioo vidogo vidogo vya fremu za chuma ambavyo kimoja kikivunjika unaziba na karatasi ngumu mpaka Mungu akukumbuke. Mume wangu, Baba Anastazia, alikuwa karani wa mizani hapo kiwandani. Miaka hiyo ya sabini vitu vilishaanza kuadimika madukani, ukipata rangi ya kuta unashukuru, lakini mimi ni fundi cherehani, nashona mapazia ya watu, naingia nyumba za wakubwa, naona, na macho yakishaona hayatulii.

Sasa kulikuwa na mke wa daktari mmoja, mgeni kutoka nje, aliyeniita nikampimie mapazia. Naingia sebuleni kwake nakuta kinu, kinu hiki hiki cha kutwangia, kimegeuzwa juu chini kimebebeshwa taa! Ungo umetundikwa ukutani, pale mimi ningetundika picha. Na pembeni kochi jipya la kisasa lenye miguu myembamba, na meza ya kioo. Nikashangaa, lakini nikaona kabisa kwamba inapendeza. Yule mama akaniambia kwa Kiswahili chake cha kupapasa kwamba vya kale na vya kisasa vikikaa pamoja, nyumba inapata roho. Nikaondoka na hilo neno. (Ningejua ni roho ya nani ningeliacha pale pale mlangoni.)

Na haikuwa tamaa ya kujionyesha tu, jamani, msinihukumu. Anastazia alikuwa amepata mchumba, mwalimu, kijana mpole anaitwa Gaspari, na baba yake Gaspari alikuwa katekista huko Ushirombo. Ushirombo ndiko nilikozaliwa. Mimi ni Msumbwa, nimelelewa na masista wa misheni, nikafundishwa kushona, kufuma, kuoka keki kwa makaa juu na makaa chini, na kutogeuza kichwa nikisikia ngoma kijijini. Kwa hiyo namjua vizuri katekista ni mtu gani, na nilijua kwamba akiingia nyumbani kwangu atatazama kila kona kuona kama binti yangu katoka nyumba ya Kikristo au katoka nyumba ya ovyo. Mtoto wangu alikuwa anampenda yule kijana mpaka alikuwa anaunguza ubwabwa kila siku. Nikasema, hii nyumba itapendeza, hata kama nitauza cherehani.

Basi tukaenda Kishapu, kwao mume wangu, kijijini karibu na Mhunze, kwa gari la kiwanda lililokuwa linapeleka magunia matupu kwenye vituo vya kununulia pamba. Kule kwao hawamwiti Baba Anastazia wala jina lake la ubatizo, wanamwita Doto. Na ukisikia Doto ujue kulikuwa na Kulwa. Walizaliwa mapacha, na Kulwa akafariki wakiwa bado wananyonya. Hilo niliambiwa na marehemu mama mkwe, mara moja tu, nikiwa bibi harusi, na mume wangu mwenyewe tangu tuoane hajawahi kulitamka jina lile mbele yangu. (Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, shikeni hapo hapo.)

Nyumbani pale alikuwa anakaa wifi yangu Shija, aliyezaliwa baada ya hao mapacha, ndiyo maana akaitwa Shija. Wifi akatupokea vizuri, uji, karanga, maneno mengi. Nilipomwambia nataka vitu vya kale vya kupambia nyumba akacheka mpaka akafuta machozi, akaniuliza kama mjini siku hizi watu wanatwanga sebuleni. Lakini hakuwa mchoyo. Akanipa kinu cha zamani kilichopasuka ubavuni, akanipa ungo, akanipa kigoda cha baba mkwe cha miguu mitatu. Halafu akafunga kuku wake miguu, akaenda zake gulioni Mhunze.

Wifi hayupo, dereva anapakia, mimi nikazunguka nyuma ya nyumba ya marehemu mama mkwe, ambayo ilishaanza kulala upande mmoja. Nikaona kibanda kidogo cha nyasi, kinanifika magotini, na ndani yake chungu. Chungu kidogo, tumbo moja, shingo mbili, midomo miwili. Kimejaa vumbi na utando wa buibui. Jamani, mimi ni fundi, jicho langu linajua kitu kizuri likikiona, na pale pale nikaona maua yangu ya plastiki, mekundu mdomo huu, ya manjano mdomo ule, juu ya meza yangu ya fomaika ya buluu.

Sasa nataka hili lieleweke, maana wapo waliosema niliiba. Sikuiba. Nilimwita mume wangu. Akaja, akasimama karibu yangu, nikamwuliza, "Baba Anastazia, hiki nikichukue?"

Akakitazama. Alikitazama mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Chukua."

Neno moja! Hakusema ni cha nini, hakusema ni cha nani, hakusema mke wangu subiri kidogo. Akainama akakitoa yeye mwenyewe, akakipakata garini mapajani mpaka Shinyanga, barabara yote ile ya mashimo, wakati kinu changu kinagongana na chuma huko nyuma na hakugeuka hata mara moja. Na mimi mjinga nikafurahi. Nikajisemea, leo mume wangu anajali mambo ya mapambo.

Nyumbani nikakisugua chungu kwa mchanga na sabuni ya kipande, nikakianika, kikawa safi lakini kimefifia. Nikakumbuka kuna vanishi iliyobaki fundi alipomaliza makochi. Nikakipaka. Mkono wa kwanza, kikakauka, mkono wa pili, kikang'aa ungesema kimetoka dukani. Mume wangu akarudi kazini akanikuta na brashi mkononi. Alisimama pale mlangoni, akameza mate, akaenda kuoga. Ninyi niambieni: mtu mwenye akili zake, anaona anachokiona, anajua anachokijua, anaenda kuoga?

Kikakaa mezani juu ya kitambaa nilichokifuma mwenyewe, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na maua yake. Redio nikaiweka juu ya kinu (jirani yangu Mama Zainabu, ambaye mumewe ana duka na sebule yake yote ni ya kisasa mpaka kibiriti, akaja akatazama akaniuliza kama naitwanga taarifa ya habari), ungo ukutani, kigoda karibu na kochi, sakafu nikaipiga rangi nyekundu nikaisugua kwa kifuu mpaka ukipita unajiona. Ilipendeza. Hata Mama Zainabu, kwa ulimi wake ule, kabla ya kutoka alisema imependeza. Kitu kimoja tu nilikiona na sikukielewa: mume wangu alihamisha kiti chake. Miaka yote alikuwa anakaa karibu na dirisha apate upepo, sasa akawa anakaa ng'ambo ya pili, anaielekea meza, na chai yake inapoa. Nikadhani macho yanamsumbua anakimbia mwanga.

Siku ya posa ikafika. Katekista na mkewe walikuja asubuhi, walikuwa wamelala kwa ndugu zao hapo mjini, yeye kavaa suti ya kijivu ya mikono mifupi na kofia, mkewe, Mama Gaspari, kajifunga kitenge kipya, kabeba kikapu cha njugu mawe za kutoka Ushirombo. Tukasalimiana, tukapeana habari za misheni, nani kafa, nani kahama. Katekista akazungusha macho, kama nilivyojua, kutani, darini, kwenye picha, akatikisa kichwa polepole akasema, "Mama Anastazia, hii ni nyumba safi." Moyo wangu! Nilitaka kuruka. Nikaona mwanangu kaolewa tayari.

Mama Gaspari yeye macho yake yalikwenda kwingine. Alikaa pale anapoelekea meza, akakiona chungu, na tangu alipokiona hakugusa chai. Nikasema moyoni, wivu huo, kaona kitu ambacho kwake hana. (Nisameheni, ndivyo nilivyofikiri.)

Tulikuwa tunamsubiri wifi Shija, kwa sababu shangazi wa binti lazima awepo, mambo hayaanzi bila yeye. Mara tukamsikia barabarani, vigelegele, wimbo, na hakuwa peke yake. Alikuwa na kina mama wawili wazee, marafiki wa marehemu mama mkwe, wamejitwika unga wa mtama kwenye vikapu, miguu imejaa vumbi, furaha tupu. Nikainuka kuwapokea. Wakaingia. Wifi akavuka mlango wimbo mdomoni, akaona meza, na wimbo ukakatika hapo hapo katikati ya neno.

"Nani kakileta hiki hapa?" akauliza.

Kumbe, na hili nimekuja kulijua pale pale nimesimama, chungu kile kilikuwa kinatafutwa Kishapu nzima. Wifi alirudi gulioni akakuta kibanda kitupu. Akamtuhumu jirani yake, wakagombana mpaka wakafikishana kwenye baraza la kijiji, watu wakaapishana, urafiki wa miaka ukafa, na mwizi wakati huo yuko Shinyanga anakipiga vanishi. Wifi akamtazama kaka yake. Kaka yake akatazama viatu vyake. Na mimi, kwa kuwa nilishafunzwa kwamba mwenye nyumba hakai kimya wageni wakiuliza, nikajibu, kwa majivuno, naapa nilijibu kwa majivuno: "Ni mimi, wifi. Nimekipendezesha."

Mmoja wa wale wazee akasogea, akainama, akakinusa, akasema kinanuka petroli.

Niwaeleze sasa, ingawa mimi nilielezwa nimeshachelewa. Huko kwa mume wangu mapacha si watoto wa hivi hivi. Wakizaliwa, kuna chungu chao, tumbo moja kwa sababu tumbo lilikuwa moja, midomo miwili kwa sababu wao ni wawili, na mmoja akifa mdomo wake unabaki, unawekewa maji, unawekewa unga, ili asimwonee wivu mwenzake aliyebaki. Mama mkwe alifanya hivyo mpaka anakufa. Na chungu hicho hakihamishwi kimya kimya kama sufuria. Kinahamishwa kwa maji na kwa nyimbo, la sivyo balaa linaangukia watoto wa nyumba, hasa binti anayetaka kuolewa. Kwa hiyo wale kina mama wakikiona pale, kimeoshwa kwa sabuni, kimejazwa maua yaliyokufa (maana kwao maua ya plastiki ni maua yaliyokufa, na mimi nilikuwa nimeyaweka kwenye mdomo wa mtu aliye hai na anayekunywa chai), wasingeweza kukaa wakaongea posa. Kwa maoni yao walikuwa wanamwokoa Anastazia.

Na nyimbo zenyewe! Nyimbo za mapacha ni za matusi. Ndivyo zilivyo tangu zamani, matusi ndiyo dawa yenyewe, mwimbaji hana kosa na mwimbiwa hana ruhusa ya kukasirika. Wifi akatupa kitenge cha juu, wale wazee wakaweka vikapu chini, na kabla sijamaliza kusema karibuni mkae, ikaanza. Walitutukana mimi na mume wangu. Walitutaja viungo kimoja kimoja, vyangu kwanza, halafu vyake, halafu vya wote wawili kwa pamoja na kazi zake. Walitutaja kwa Kisukuma, na mimi Kisukuma cha sokoni nakijua, lakini maneno yale hayauzwi sokoni, ila wanacheza kwa vitendo pia, kwa hiyo hakuna aliyekosa tafsiri. Chini ya Moyo Mtakatifu! Mbele ya katekista! Mmoja akang'oa maua yangu akayarusha, la manjano likatua kwenye kofia ya katekista aliyoiweka magotini. Wifi akatoka nje akakata matawi kwenye ua wangu, akarudi, akachukua jagi la maji ya kunawa wageni, akachovya, akaanza kunyunyiza. Ukuta, makochi, redio, mimi, mume wangu. Mzee mwingine akawa anapaka watu unga usoni, kochi langu la kitambaa cha buluu likawa na mikono meupe kila mahali. Anastazia akatoka jikoni na sinia la soda, akaona, akaweka sinia chini kabisa sakafuni, akarudi jikoni akafunga mlango. Dirishani sura ya Mama Zainabu, kabana pua kwenye kioo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini sakafu nilikuwa nimeipiga rangi vizuri mno.

Maji yakamfikia katekista. Yalimpata sawasawa, uso mzima. Akasimama, matone yanachuruzika kwenye ile suti, akasema, si kwa kelele, kwa sauti ya kanisani, "Mama Anastazia, haya ni matambiko." Nikaanza kujieleza, hapana Baba Gaspari, ni mapambo tu, ni ya kale na ya kisasa, mke wa daktari, kinu, maneno yananitoka ovyo ovyo na unga uko puani. Akanyanyua mkono nikanyamaza. Akasema yeye hawezi kuchukua binti kwenye nyumba yenye kitu kile, kwamba kitoke sasa hivi, kivunjwe mbele yake, ndipo tukae tuongee kama Wakristo.

Mimi nilikuwa nimeshaweka mikono kwenye chungu. Nawaambia ukweli, ningekivunja. Kwa ajili ya Anastazia ningevunja hata nyumba. Nilishakiinua, wifi kaanza kupiga ukunga, ndipo nikasikia sauti ambayo sikuitegemea.

"Kiweke chini," akasema mume wangu.

Alikuwa amesimama, ana unga kwenye paji la uso. Katekista akamwambia, Baba Anastazia, chagua. Na yule mtu, ambaye naishi naye miaka yote hiyo na nikimwuliza chumvi imekolea anatikisa kichwa, akasema mbele ya wote: "Huyu ni ndugu yangu. Hatoki."

Katekista akachukua kofia yake, akaikung'uta ua, akatoka. Basi. Posa ikawa imekufa, tena wageni hawajala. Mama Gaspari akainuka kumfuata mumewe, polepole, kikapu mkononi. Na hapa nisikilizeni vizuri. Wakati wa zile nyimbo, mimi nimepofuka kwa aibu, niliwahi kuona kitu nikakipuuza: mguu wa yule mama chini ya kochi ulikuwa unafuata mapigo, na midomo yake ilikuwa inatikisika kidogo. Sasa anapita karibu na meza nilipokuwa nimekirudisha chungu. Akatia mkono kwenye kikapu chake, akatoa njugu mawe mbili. Moja akadondosha mdomo huu, moja mdomo ule. Hakumtazama mtu yeyote. Akaniaga kwa Kisumbwa, vizuri tu, kama mtu anayetoka kwenye sherehe iliyokwenda sawa, akamfuata mumewe.

Lakini pale pale sikulielewa hilo, au nililielewa nikakataa, kwa sababu nilikuwa nawaka. Niliwapigia kelele wote. Wifi nilimwambia akasirike lakini asinge... basi, yale niliyomwambia wifi tulishasameheana. Anastazia alitoka jikoni macho mekundu, akaniambia, "Mama, dunia nzima ulikosa pa kuweka maua?" Nikainama nikaokota maua yangu sakafuni. Wale wazee walikula wali wote wa posa, na nyama, wakasema umekolea, wakanibariki, wakaondoka na wifi kurudi kumwomba radhi yule jirani.

Asubuhi yake napiga magoti nasugua unga kwenye sakafu, mume wangu kakaa kwenye kile kiti chake cha ng'ambo, anaelekea meza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, na mshindo wa kile kimya cha miaka yote ulikuwa umeniangukia mimi peke yangu, kichwani. Nikatupa tambara. Nikamwambia, leo utasema. Nilikuuliza, ukanijibu neno moja. Uliniona na brashi, ukaenda kuoga. Uliona maua. Ulimwacha katekista anakaa pale mbele yake. Ulijua kila kitu ukaniacha niitwe mwizi na mchawi siku ya posa ya mwanangu. Kwa nini ulisema nichukue?

Akakitazama chungu, nikaona nitamrushia ndoo. Halafu akasema, "Tangu mama afe alikuwa peke yake kule."

Nikasubiri. Nikadhani kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Ndiyo hiyo tu. Mtu mzima, mwanakwaya wa parokia, anaona haya kwa padri, anaona haya kwangu mimi niliyelelewa na masista, hawezi kusema nataka kumleta ndugu yangu mjini, anasubiri mkewe apende chungu! Nililia, na msidhani nililia kwa huruma, nililia kwa hasira, kwa sababu angesema. Neno moja zaidi ya lile moja. Ningempa pa kukaa. Hata masista wangejua ningewaambia ni ndugu wa mume wangu kaja kukaa kwetu, kuna kosa gani?

Posa? Ilirudi. Baada ya mavuno katekista alikuja tena, na mkewe, na kijana, akasema amesali sana na ameona binti hana hatia ya mambo ya wazee. Mpaka leo anaamini ni sala zake. Mama Gaspari alikuwa ameinamia kikombe, safari hii chai alikunywa yote. Alikuja kuniambia baadaye sana, tuko wawili tunachambua mchele, kwamba kabla ya Gaspari alizaa wawili, na chungu chao kilivunjwa siku aliyobatizwa, na hajawahi kujua vipande vilitupwa wapi. Sikumwuliza zaidi. Watoto wakafunga ndoa Ushirombo, kanisa lilijaa.

Kwa hiyo nimeapa, na nyinyi mnishuhudie: mimi kupamba nyumba kwa vitu vya ukweni, basi. Kinu nilimrudishia wifi, ungo nikapepetea mpaka ukachakaa, na mtu akiniambia "chukua" namkalisha chini ananieleza chukua nini, cha nani, kimetoka wapi, kinakula nini. Vanishi haijaingia tena kwangu.

Chungu kipo. Ile vanishi ilibanduka yenyewe taratibu, kikarudi rangi yake. Maji naweka mimi, kwa sababu yule mtu hata sasa hasemi yamekwisha, anakaa tu anatazama, na hasira inanipanda kila nikimwona anavyotazama. Kile kitambaa cha chini yake kilichopata unga siku ile kilikataa kutakata, nikakitupa. Nikafuma kipya, cheupe, cha uzi mwembamba, kazi ya wiki nyingi, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufuma, na pembeni nikaweka herufi K. Mume wangu alikiona. Akameza mate, akaenda kuoga.